UZI: Kabla msimu haujapamba moto. Pesa, matapeli, wezi na moto kwa wenye biashara ndogo Malindi (na ndugu zetu wa Lamu karibuni)

Dada_Barani (mwenye uzi)

Assalam aleikum, na habari zenu nyote. Kusi imelegea, wageni wa Disemba wameanza kuulizia vyumba, na kila mwenye kibanda anawaza mali ya kuongeza. Nafungua uzi huu mapema kwa makusudi, maana msimu ukishachanganya hakuna mwenye nafasi ya kusoma. Matapeli wanalijua hilo. Huja ile saa foleni imefika mlangoni, stima imepotea, msaidizi ameenda kuswali, na mteja anakusogezea simu usoni: "Nishalipa, angalia."

Mimi nauza leso, madera na vyombo, na nimeona maduka kadhaa ya jirani yakifungwa. Sijaona hata moja lililofungwa kwa sababu ya jambazi wa usiku. Yalifungwa kwa pesa iliyovuja mchana, na kwa mambo ambayo yangepangwa wakati wa utulivu yasingefika pale.

Nianze na simu, kwa kuwa ndiko pesa zetu zilipo tangu M-PESA ianze 2007.

Angalia simu yako, usiangalie ya mteja. Picha ya skrini inatengenezwa kwa dakika moja. Ujumbe wa kweli unaingia pale pale zinapokaa jumbe zako zote za M-PESA, chini ya ule wa mwisho. Wa uongo unatoka kwa nambari ya kawaida ya simu, hata kama maneno yamenakiliwa mpaka nukta. Kisha soma salio. Kama ulikuwa na 4,320 na mteja amelipa 1,500, ujumbe lazima useme 5,820. Tapeli hajui ulikuwa na ngapi, kwa hiyo ataandika lolote au ataliruka kabisa. Mfundishe msaidizi wako hesabu hiyo moja tu, afanye kila mara, na umwambie wazi kwamba hutamkasirikia akimchelewesha mteja kwa ajili yake. Wasaidizi wengi wanaachilia mali kwa kuona haya kumsimamisha mtu mzima aliyevaa vizuri.

"Dada nimekosea nambari, nirudishie." Usirudishe kwa mkono wako, na zaidi usirudishe kwa nambari nyingine tofauti na iliyotuma. Mwambie asambaze ujumbe wake kwenda 456, huko ndiko pesa za kimakosa zinakoshughulikiwa. Mwenye haki yake hakasiriki kuambiwa hivyo. Anayepiga kelele na kukuharakisha, mwache apige.

Stika ya tili, yaani nambari ya malipo ya biashara yako. Kuna watu wanabandika yao juu ya yako. Ukifungua duka asubuhi, fanya kama unayejilipa, uone jina linalotokea kabla ya kubonyeza la mwisho. Kama si la biashara yako, ng'oa.

Laini. Simu ikipoteza mtandao ghafla na ya jirani inao, usingoje mpaka jioni. Huenda laini yako imesajiliwa upya mikononi mwa mtu mwingine. Ili yasikufike, leo laini ikiwa nzima piga *100*100# kama ni ya Safaricom, ufunge njia ya laini kubadilishwa bila wewe mwenyewe kwenda dukani kwao. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na kampuni hiyo ina nambari moja ya kuwapigia wateja, 0722 000 000. Mwingine yeyote anayejiita wa huduma kwa wateja, kata simu.

Noti nazo. Noti mpya zilizotoka 2019, zile zenye jengo la KICC, ukiziinua kwenye mwanga unaona kichwa cha simba, herufi CBK na thamani ya noti. Uzi uliomo ndani ya noti unabadilika rangi ukiipindua. Papasa kwa kidole, maandishi yake yana mparuzo. Jioni kwenye taa hafifu ndipo elfu bandia hupita, kwa hiyo weka taa nzuri juu ya kasha la pesa kabla ya kununua urembo wowote wa duka.

Nitaendelea na habari ya msimu wenyewe. Ulizeni.

MamaViazi_Maweni

Aleikum salaam dada. Mimi nauza viazi karai na bajia, mteja analipa shilingi 50, mwingine 30. Nikichukua tili si nitaliwa na makato? Sasa hivi wanatuma kwa nambari yangu ya kawaida.

Dada_Barani

Mama, malipo ya tili ya shilingi 200 kwenda chini hayakukati, na zaidi ya hapo makato hayafiki asilimia 1. Kama hutaki mambo ya tili kuna Pochi la Biashara, inakaa kwenye laini hiyo hiyo uliyonayo ila mfuko wake uko mbali na pesa zako za nyumbani. Uzuri wake mkubwa kwako ni kwamba mteja hawezi kula viazi kisha akaomba pesa irudishwe bila wewe kukubali.

Na hata kama ingekata kidogo, ningekushauri hivyo hivyo. Pesa ya karai ikikaa pamoja na pesa ya ada na ya unga wa nyumbani, huwezi kujua kama karai linalipa. Mtu anauza mwaka mzima anadhani ana faida, kumbe ni mume anajazia, au kumbe ni mtaji wenyewe unaliwa.

Dada_Barani

Haya, msimu. Sisi wa Malindi na Watamu tunajua kalenda yetu. Julai na Agosti Waitaliano wanakuja kwa wingi, Disemba na Januari watu wa bara na wa Ulaya, kisha ikifika Aprili masika inaingia, mahoteli yanafunga, na mpaka Juni mji unapoa. Biashara inayochuma vizuri kwa miezi minne inatakiwa ile kwa miezi kumi na miwili.

Chukueni mfano. Kodi ya duka 15,000, msaidizi 10,000, stima na maji 3,000. Hizo ni 28,000 kwa mwezi hata usipouza kitambaa. Aprili, Mei na Juni ni 84,000. Ukiigawa hiyo kwa siku 120 za miezi minne mizuri, ni shilingi 700 kwa siku. Siku ya Disemba iliyochangamka, 700 inatoka bila kuhisiwa. Mwezi wa Mei, 28,000 mtu anaitafuta kwa mkopo wa simu.

Kwa hiyo hiyo 700 itoke kila jioni kabla ya kitu kingine, ihamie mahali ambapo huwezi kuigusa kwa urahisi. Wengine wanafunga akiba M-Shwari, ile akaunti ya akiba ya ndani ya M-PESA, kwa muda maalum, wengine SACCO, wengine benki. Kwa wenye pesa benki, mjue bima ya amana ya serikali inalinda hadi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki, tangu 2020. Pesa ya chama iliyo kwenye simu ya mweka hazina mmoja iko hatarini. Mweka hazina anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akafariki, au simu ikaibwa. Chama kiwe na akaunti yake na watia saini watatu, na taarifa ya akaunti isomwe mbele ya wote kila mkutano.

Kuhusu mkopo: uliza mali hii itauzika kwa muda gani, kisha uangalie mkopo unadaiwa lini. Hasla Fandi, mfuko wa mikopo wa serikali, inatoza asilimia 8 kwa mwaka, riba ndogo kweli, lakini mkopo wake wa mtu binafsi unatakiwa ndani ya siku 14. Kwa mama wa mboga anayezungusha mtaji kila siku mbili unafaa. Kwa mimi ninayenunua madera Oktoba niyauze Disemba, siku 14 ni kitanzi. Fuliza nayo, ule mkopo wa M-PESA salio lisipotosha, ina ada ya kila siku, ni ya kuokoa nauli, si ya kununulia mali.

Shekhe_wa_Shela_Malindi

Umesema vizuri dada, ila wengi wetu hatutaki riba, kubwa wala ndogo. Umetuachia nini?

Dada_Barani

Haki yako shekhe, na mimi mwenyewe ni katika hao. Benki za Kiislamu zilianza kazi Kenya 2008, na zina murabaha, yaani benki inanunua mali halafu inakuuzia kwa faida mliyokubaliana tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo. Uliza kabla ya kusaini: mali itanunuliwa kweli na kupita mikononi mwa benki, au ni karatasi tu? Na nikichelewa, tozo ya kuchelewa inakwenda wapi? Takaful, yaani bima ya Kiislamu, nayo ipo nchini tangu 2011, kwa wale waliokuwa wanakwepa bima kwa sababu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa zaka mmekwisha kulifanya nusu bila kujua. Mwaka unapogeuka mnahesabu mali yote ya biashara ili mtoe asilimia 2.5. Hesabu hiyo hiyo iandikeni safi, mpige na picha za rafu, muweke nakala nje ya duka. Siku ya moto au ya wizi, bima na polisi wote wanauliza swali moja: ulikuwa na nini? Mwenye orodha ana jibu.

Muuza_Samaki_Malindi

Dada mimi tatizo langu sio tapeli wa simu. Ni hoteli. Napeleka kamba na changu, wananiambia subiri mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi wanasema subiri mhasibu, April wanafunga na meneja anarudi kwao. Nawadai wawili hivi sasa. Na nikikataa kupeleka, kesho atapeleka mwingine.

Dada_Barani

Kaka pole sana. Hili linauma kuliko wizi kwa sababu unamjua aliyekula na mnasalimiana.

Kila mzigo uwe na karatasi ya makabidhiano: tarehe, aina ya samaki, kilo, bei, jina na saini ya aliyepokea jikoni, na muhuri wa hoteli. Nakala ubaki nayo. Karatasi isiyokuwa na saini ni barua uliyojiandikia. Kisha jiwekee kikomo. Amua deni la hoteli moja halitazidi pesa ambayo ukiipoteza bado kesho utaingia pwani kununua samaki. Likifika hapo, mzigo unaofuata ni kwa pesa mkononi, kwa adabu, bila ugomvi. Na kuanzia katikati ya Machi usikopeshe hoteli yoyote inayofunga masika. Tarehe hiyo waambie tangu Januari, wasije wakaona umewageuka.

Kwa deni unalowadai, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Nenda masjala ya mahakama hapo Malindi na karatasi zako uulizie utaratibu. Wengine wanalipa wakishapata barua tu ya kwamba unaelekea huko.

Na jiandae na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Tangu 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kwenye hesabu za kodi za hoteli. Mwenye ankara ndiye watakayemtaka, na ankara hiyo nayo ni ushahidi wako.

Kijana_KisumuNdogo

Hapo kwenye kodi ndipo mnapotutisha. Kibanda changu kidogo, KRA watanijulia wapi? Afadhali mtu akae kimya.

Dada_Barani

Mdogo wangu, piga hesabu kabla ya kujiita mdogo. Ukiuza wastani wa 3,000 kwa siku, kwa siku 360 ni 1,080,000. Tayari umevuka milioni 1, na kuanzia hapo hadi milioni 25 kuna kodi ya mauzo, asilimia 3, inayolipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Inakatwa kwenye mauzo yote, haingojei faida, ndiyo maana lazima uiingize kwenye bei yako tangu mwanzo. Wenye faida nyembamba, kama wa sukari na unga, waende wakaulize kama njia nyingine ya kodi ina nafuu kwao.

Nakuambia hili kwa sababu ya usalama wako. Anayejificha ndiye chakula cha wale wanaopita na vitambulisho vya shingoni wakisema "tumalizane hapa hapa". Mwenye karatasi zake anajibu: nipe nambari ya malipo ya serikali nilipe. Kodi hailipwi kwa nambari ya simu ya mtu, hata awe amevaa tai.

Nahodha_Amu

Salaam kutoka Amu, yaani Lamu. Nyinyi wa Malindi lori linashusha mlangoni. Kwetu mzigo unakuja kwa lori hadi gati ya Mokowe upande wa bara, hamali, boti, hamali tena, kisha punda mpaka dukani. Mikono mitano. Katoni mbili zikipungua hakuna wa kumuuliza. Mimi nimewashauri matajiri wenye maduka Langoni: mhesabu mzigo Mokowe kabla haujaingia botini, muandike idadi, mwenye boti atie saini, na mpokeaji ahesabu tena gatini kabla hamali hawajagusa. Unga na sukari viwe ndani ya turubai, na juu ya mbao, chini kabisa ya boti hakukosi maji. Na wenye mali msiwashurutishe manahodha wajaze kupita kiasi ili mlipe safari moja. Kusi ikivuma pale mkondo wa Shela unaweza kupoteza mzigo na watu. Maboya ya kuvaa yawe ya abiria wote, yawekwe karibu, yasifungiwe chini ya viti.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni moto. Mitaa yetu watu wawili na punda wakipishana ni kazi, gari la zimamoto litapita wapi? Na paa za makuti bado ziko.

Dada_Barani

Ahsante sana nahodha, hilo la kuhesabu Mokowe ni darasa. Na la moto umenitangulia.

Makuti yakishika, cheche zinaruka na upepo hadi paa la tatu, kwa hiyo moto wa mwenye mkahawa ni moto wa mtaa mzima. Mji wa Amu ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001 unalindwa na ndoo na majirani wake kabla ya mtu mwingine yeyote. Malindi gari la kaunti lipo, lakini nalo linakuja baada ya kuitwa.

Weka mtungi wa kuzima moto wa unga mkavu, karibu na mlango, usiweke nyuma ya jiko. Ukiuweka nyuma ya jiko utaupitia motoni. Angalia mshale uko kwenye kijani kila mwezi, na ukaguliwe na fundi kila mwaka. Msaidizi ajue: vuta pini, elekeza chini kwenye shina la moto, bonyeza, fagia huku na huku. Asimame mbali kidogo.

Stima: friza na pasi visichomekwe kwenye waya mmoja wa kuunganishia. Ukigusa plagi ikawa ya moto, hilo ni onyo. Stima ikipotea, chomoa friza, maana ikirudi inarudi kwa kishindo. Ukifunga duka, zima swichi ya kila kitu isipokuwa friza na taa ya nje.

Petroli ya jenereta haikai ndani ya duka, hata lita moja kwenye chupa ya soda.

MamaViazi_Maweni

Na sisi wa karai la mafuta dada? Likishika moto watu hukimbilia maji.

Dada_Barani

Mama, maji ndiyo yanayoua. Mafuta yanayowaka ukiyamwagia maji yanaruka juu yakiwa moto mtupu. Zima gesi kama unaweza kuifikia, funika karai kwa sinia kubwa au kifuniko, usiondoe mpaka lipoe kabisa. Usilibebe kulitoa nje. Sinia hiyo iwekwe pembeni kila siku kabla hujawasha, isiwe na kazi nyingine.

Kijana_KisumuNdogo

Sawa dada nimekuelewa kwa kodi, nitaenda kuuliza. Swali la mwisho: mlinzi wa usiku au kamera? Pesa yangu inatosha kimoja.

Dada_Barani

Anza na mlango. Kamera inaonyesha mwizi akiingia, kufuli nzuri na komeo la ndani vinamzuia. Angalia bawaba, mara nyingi kufuli ni ya bei na bawaba zimeshikwa na skrubu fupi zinazong'oka kwa mkono. Taa ya nje iwake usiku kucha. Kisha mlinzi, lakini mchangie na majirani mnaopakana, mmoja kwa maduka matano au sita, na kila mmoja wenu awe na nambari ya mwenzake. Chukueni nakala ya kitambulisho chake na cheti cha mwenendo mwema cha DCI, idara ya upelelezi, na mzee wa mtaa amjue.

Pesa zisilale dukani. Peleka kwa wakala kabla ya magharibi, saa zinazobadilika, na usitume mtoto. Acha kasha la pesa wazi na tupu usiku, lionekane ni tupu. Mtu akikuingilia na silaha mpe anachotaka, shika viatu vyake na sauti yake akilini, usimtazame machoni. Akiondoka piga 999 au 112, kisha nenda kituoni uandikishe na uondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, hata kama kilichoibwa ni kidogo. Bila nambari hiyo bima haikusikilizi.

MamaViazi_Maweni

Dada mpira wangu wa gesi umeanza kuwa na nyufa karibu na regulata, unafaa mpaka Disemba?

Dada_Barani

Hapana mama, badilisha leo kabla ya kuwasha tena. Nunua na vibano viwili vya chuma, kimoja kila upande, usifunge kwa waya. Ukishafunga, pakaza povu la sabuni kwenye maungio yote huku gesi ikiwa imefunguliwa na moto wowote uko mbali. Mapovu yakifura, gesi inavuja hapo, funga mtungi umwite fundi. Yasipofura, kaanga viazi.